Vitabu vya Kibumba vikishikana mikono: mwongozo wa kuanzisha ushirika wa maktaba

Ukipanda kutoka Goma kwa barabara ya kitaifa namba 2, ukaacha nyuma Munigi, Kanyarucinya na Kibati, baada ya kilomita ishirini na kitu unaingia Kibumba: baridi, ukungu, mawe meusi ya volkano, na mashamba ya kabichi, karoti na viazi yanayolisha mji. Vitabu huku vipo, ila kila mtu anakalia vyake. Shule moja inaweza kuwa na sarufi kumi na mbili za Kifaransa, zote za aina moja, na jirani yake asiwe na hata moja, huku kabati la huyo jirani likiwa na kamusi ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuzifungua. Parokia ina vitabu vya dini na magazeti ya zamani. Kituo cha afya kina miongozo ya tiba. Mwalimu mstaafu ana sanduku chini ya kitanda.

Mwongozo huu ni wa wewe uliye karibu na mojawapo ya makabati hayo: direkta wa shule ya msingi, prefe wa sekondari, katekista, mchungaji, muuguzi, au kijana wa kikundi cha wasomaji. Ninayotaka kukushawishi ni haya. Usitamani maktaba kubwa moja. Tamani maktaba ndogo tano au sita zinazojuana, kila moja ikiwa na orodha ya vitabu vya zote, na kila moja ikiweza kuendelea hata mbili zikifungwa.

Nina sababu ya kusema hivyo, na inatokana na ardhi hii yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliteremsha lava hadi katikati ya Goma na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 iliteremka tena, safari hii ikafunika vijiji vya teritori ya Nyiragongo na kuikata barabara hii hii. Mwaka 1994 Kibumba ilikuwa kambi ya mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, mahali pasipo na mto wala chemchemi, maji yakiletwa kwa malori. Mwaka 2012 vita vilipita hapa, na mwishoni mwa 2022 vikarudi, watu wakashuka kwa wingi kukimbilia Kanyarucinya. Anayeweka vitabu vyote vya eneo kwenye jengo moja katika nchi ya namna hii anawategea hatari wasomaji wake.

Nani aingie

Anza na washiriki wachache. Watatu wanatosha, watano ndio vizuri, zaidi ya wanane mwaka wa kwanza ni mzigo. Chagua walio kwenye njia moja, kwa sababu kitabu kitasafiri na watu wanaosafiri tayari: Kibati, Kibumba, Rugari, na mmoja aliye Goma mjini ili awe mlango wenu wa intaneti na wa maduka ya vitabu. Changanya aina. Shule tupu tupu zitagombania vitabu vilevile wiki ileile ya mitihani. Shule ikiungana na parokia, kituo cha afya na kikundi cha akina mama, mahitaji yanapishana, na vitabu vinapata nafasi ya kutembea.

Kila mshiriki alete vitu viwili: mahali pakavu pa kufunga kwa kufuli, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye funguo na daftari. Mshiriki asiye na mtu huyo hajawa tayari, hata kama ana vitabu elfu. Msubirini.

Jambo hili si geni kwa majirani zetu. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilikuwa ikituma masanduku ya vitabu mashambani, na wasomaji wengine walipelekewa vitabu kwa posta. Katika miaka ya 1960 nchi hizo zilipounda huduma zao za maktaba za taifa, zilirithi kazi iliyokwisha kuanzwa na masanduku hayo. Karibu na Masaka, Uganda, maktaba ya jamii ya Kitengesa ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu shuleni. Jengo lilikuja miaka michache baadaye. Mwaka 2007 maktaba za namna hiyo nchini Uganda zikaunda chama chao. Angalia mfuatano huo: sanduku kwanza, nyumba baadaye, chama mwisho. Wanaoanza na chama hubaki na mhuri na barua zenye vichwa vizuri.

Orodha kabla ya mashine

Kazi ya kwanza ya pamoja ni kujua mna nini. Chukueni kaye kubwa yenye mistari, watu wawili wawili, kabati moja kwa siku moja. Kwa kila kitabu andikeni jina lake, mwandishi, mwaka, lugha, kinamfaa nani, hali yake, na kinakaa wapi. Msiongeze safu nyingine. Nimeona orodha nzuri zikifa kwa sababu mtu alitaka kujua idadi ya kurasa na jina la mpiga chapa.

Kisha kila kitabu kipewe namba ambayo haitatumiwa tena hata kitabu kikipotea. Tangulizeni herufi za mwenye mali: KIB kwa Kibumba, RUG kwa Rugari, KBT kwa Kibati. KIB 0147 ni mali ya Kibumba popote kilipo, na mtoto wa Rugari anayekiokota njiani anajua kinarudi wapi. Namba iandikwe kwa wino mahali pawili, ndani ya jalada na kwenye ukurasa mmoja wa katikati mliokubaliana wote, kwa sababu jalada huchanika kwanza.

Upangaji wa Dewey, ambao maktaba nyingi duniani zinautumia tangu 1876, una madaraja kumi na ni mzuri. Kwa vitabu mia tatu hauhitajiki. Rangi sita za utepe mgongoni zinatosha: hadithi, lugha, hesabu na sayansi, historia na uraia, afya na kilimo, dini. Jambo la lazima ni kwamba nyekundu ya Kibumba iwe ndiyo nyekundu ya Rugari. Hapo ndipo ushirika unapoanza kuonekana kwa macho.

Orodha zikikamilika, mtu mmoja azichape kwenye jedwali la kompyuta au hata la simu, zote pamoja, zikipangwa kwa alfabeti. Faili hilo lina mwenyewe mmoja tu anayeruhusiwa kulibadilisha. Wengine wanamtumia marekebisho, naye anatoa toleo jipya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jina la faili likiwa na tarehe. Mkiruhusu watu watano wasahihishe faili moja kwenye kundi la WhatsApp, baada ya miezi mitatu mtakuwa na faili tano na ugomvi mmoja. Mega za intaneti zikikosekana, faili linapita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Xender bila kulipia chochote. Na kila muhula lichapishwe kwenye karatasi, nakala moja kwa kila mshiriki, ibandikwe ukutani. Karatasi haihitaji umeme.

Siku mtakayoisoma orodha hiyo kwa pamoja mtashangaa. Mtaona vitabu mlivyo navyo mara nane, na mtaona pengo ambalo hakuna aliyelijua: labda hakuna kitabu hata kimoja cha baiolojia kwa wanaojiandaa na Examen d'État, labda hakuna hadithi za Kiswahili kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, ambao ndio wanaosoma kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa kushika usukani. Tangu masomo ya shule za msingi za serikali yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na pengo la vitabu hivyo vya mwanzo ndilo linaloumiza zaidi. Pesa yenu ya kwanza iende huko. Mkinunua, anunue mmoja kwa niaba ya wote, kwa orodha moja, ili muuzaji aone oda ya maana na ninyi mpate sauti ya kuzungumza bei. Vyuo vikuu vya Kenya viliunda muungano wao wa maktaba, KLISC, mwaka 2003 kwa hesabu hiyohiyo: majarida ya kitaaluma yalikuwa ghali kwa kila chuo peke yake, wakaenda kwa wachapishaji kama mnunuzi mmoja.

Masanduku yanayozunguka

Usizungushe kila kitu. Theluthi mbili ya vitabu vya kila mshiriki vibaki kwake: kamusi, vitabu vya kiada, vitabu vya mitihani, vile ambavyo mtu akivikosa siku moja anaudhika. Theluthi moja iliyobaki, hasa hadithi, wasifu wa watu, kilimo, afya na historia, iingie kwenye masanduku.

Chukua mfano wa washiriki watano. Kila mmoja anaandaa sanduku moja la vitabu 60. Kitabu cha kawaida cha jalada laini kina uzito wa gramu 250 hivi, kwa hiyo sanduku lina kilo 15 za vitabu, na bati lake linaongeza kilo chache. Mtu mmoja analiinua, pikipiki inalibeba, na kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, ni mzigo mdogo kabisa. Sanduku linakaa wiki sita mahali pamoja, kisha linasogea kwa jirani anayefuata njiani. Baada ya wiki 30 kila sanduku limefika kila mahali na kurudi kwao, yaani ndani ya mwaka mmoja wa shule, likizo zikiwemo. Msomaji wa Rugari aliyekuwa na vitabu 60 vya kuchagua amepitiwa na 300, na hakuna aliyenunua hata kimoja.

Usafiri usiwe wa kulipia ikiwezekana. Malori ya mboga yanashuka Goma yamejaa kabichi na viazi na yanapanda yakiwa na nafasi. Vitabu kutoka mjini vipande nayo. Zungumza na dereva mmoja au wawili mbele ya chama chao, watambulike, watajwe kwa shukrani kwenye kila kikao. Wanaosukuma chukudu wanaijua barabara hii, kila mteremko na kila mahali pa kupumzikia, kuliko yeyote kati yetu. Goma iliwajengea mnara mwaka 2009, na wanastahili kuaminiwa na sanduku la vitabu. Sanduku lisafiri na karatasi mbili za orodha yake: moja ndani, moja mkononi mwa anayelipeleka. Anayepokea anahesabu mbele yake, wanatia sahihi wote wawili, wanapiga picha ya karatasi na kuituma kundini. Dakika kumi. Msiziruke hata mvua ikinyesha.

Sanduku liwe la bati, lililopakwa rangi ya mafuta ndani na nje. Volkano zetu zinatoa gesi inayofanya mvua iwe na asidi, na mabati yasiyopakwa rangi huliwa haraka. Liwekwe juu ya mbao au mawe, lisiguse sakafu wala ukuta. Ukungu wa Kibumba ni adui wa karatasi kuliko panya: mara moja kwa wiki, jua likitoka, fungua sanduku, simamisha vitabu, vipepee saa moja kivulini. Jua kali moja kwa moja linakausha gundi na kurasa zinaanza kuanguka.

Makubaliano ya ukurasa mmoja

Andikeni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na kila mshiriki atie sahihi mbele ya chefu wa grupema au mjumbe wake. Vitabu ni mali ya nani? Ya aliyevileta, daima. Nani anaweza kuazima? Mtu yeyote wa eneo la mshiriki yeyote. Kwa muda gani? Wiki mbili, na kuongeza mara moja. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa hakuna anayelipa, maana hicho ndicho tulichokitaka. Kikipotea kwa uzembe, anayehusika analeta kingine kinachokaribiana nacho au anafanya kazi ya maktaba kwa siku zilizokubaliwa. Msitoze watoto faini ya pesa. Mtoto anayedaiwa faranga hatarudi, na kitabu hakitarudi pia.

Kifungu ambacho wengi husahau ni hiki: anayekimbia vita au volkano hadaiwi kitu. Kiandikwe kwa maneno hayohayo. Mama anayebeba watoto wawili na godoro usiku asiwaze kitabu cha maktaba, na siku akirudi asiogope kupita mbele ya mlango wenu.

Kuhusu pesa, mnao mfano karibu. Wengi wenu mko kwenye AVEC, vikundi vya akiba na mikopo vijijini, na mnajua kisanduku chenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, kinachofunguliwa mbele ya wanachama tu. Fungu la ushirika liendeshwe vivyo hivyo: mchango mdogo wa kila mwezi, hesabu isomwe kwa sauti kwenye kila kikao, wenye funguo wasiwe wa familia moja wala wa shule moja. Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifunga milango, na waliokuwa na akiba yote mahali pamoja walikwama; gawanyeni basi, sehemu kisandukuni na sehemu kwenye akaunti ya simu yenye watu wawili wanaojua salio.

Kujiandikisha serikalini kusiwe haraka. Mkikaa chini ya mwavuli wa shule au parokia kwa mwaka au miwili mtakuwa salama. Mkianza kupokea misaada mikubwa, njia inayofaa ni shirika lisilo la faida chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, inayotumika kwetu pia, imetengenezwa kwa biashara za wanachama, na itawadai taratibu ambazo maktaba haizihitaji.

Na sasa daftari la waazimaji, ambalo naomba ulisome mara mbili. Katika eneo ambalo mamlaka hubadilika na watu huulizwa wametoka wapi, orodha ya majina na vitabu walivyosoma si kitu cha kuacha mezani. Mpe kila msomaji namba. Daftari linaloandika azimo litaje namba ya msomaji na namba ya kitabu, basi. Karatasi inayounganisha namba na jina ikae kwa mtu mmoja, mbali na maktaba. Usiandike kabila, usiandike kijiji cha asili, usiandike namba ya kitambulisho. Kitabu kikirudi, futa mstari mpaka usisomeke. Mwisho wa mwaka choma kaye. Mkitaka takwimu kwa ajili ya wafadhili, hesabuni vitabu vilivyotoka, majina hayawahusu.

Mashine inayofaa Kibumba

Ushirika ukiwa na orodha na masanduku yanayozunguka, hapo teknolojia inapata kazi ya kufanya. Kabla ya hapo inakuwa pambo linalovutia wezi.

Kitu cha kwanza hakihitaji kununuliwa. Simu za Android mlizo nazo zinaweza kubeba maktaba. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007 na isiyolipiwa, inafungua Wikipedia nzima bila intaneti mara tu faili lake likiwa ndani ya simu. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha ni makumi ya gigabaiti. Ile ya Kiswahili ni ndogo kwa mbali na inaingia kwenye kadi ya kawaida. Kadi ya kumbukumbu iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kunakili, vinginevyo utahangaika ukidhani faili ni bovu. Pakueni mara moja au mbili kwa mwaka, mjini, mahali penye intaneti ya kasi, usiku ikiwezekana, halafu faili lipande Kibumba kwenye flashi. Linganisheni ukubwa wake na ule ulioandikwa mahali lilipotoka. Likipungua hata kidogo, halikukamilika.

Cha pili ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wa kiganja, inayorusha Wi-Fi yake yenyewe. Simu kumi hivi zinaweza kuunganishwa nayo kwa pamoja bila kusumbuka na kusoma kilichomo, bila unite. Ndani yake weka Kiwix na Kolibri. Kolibri imetengenezwa kwa shule zisizo na intaneti: ina masomo ya hesabu na sayansi kwa Kifaransa, hadithi za watoto, na mwalimu anaweza kupanga somo na kuona nani amefika wapi. Faida yake kubwa kwa ushirika ni kwamba vifaa viwili vikikutana kwenye Wi-Fi moja vinaweza kupeana masomo bila intaneti. Fundi wenu akifika Rugari na Pi yake, anaiacha ya Rugari ikiwa na yote aliyotoka nayo Goma.

Hesabu ya umeme ifanyeni wenyewe, msimwachie muuzaji. Pi inayofanya kazi inakula wati 6 hivi. Kwa saa nane ni wati-saa 48. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 120, zaidi ya siku mbili bila jua. Paneli ya wati 50, hata ikipata saa tatu tu za jua zuri kwa siku kwa sababu ya ukungu, inaleta 150. Inatosha, na inabaki ya kuchaji simu kadhaa. Msikubali mtu ageuze betri hiyo kuwa biashara ya kuchaji simu za kijiji kizima. Ndani ya miezi michache betri itakuwa imekufa na maktaba nayo.

Kadi za Pi huharibika, hasa umeme ukikatika ghafla. Kila mshiriki awe na kadi ya pili iliyonakiliwa, imefungwa kwenye karatasi ndani ya sanduku. Na fundi awe mmoja kwa wote. Goma ina wanafunzi wa informatika, ISIG na kwingineko, wanaotafuta mahali pa kufanyia staji. Mmoja akipanda kwa siku mbili kila mwezi, akilipiwa nauli na kulishwa, atawafaa kuliko kompyuta kumi mpya.

Je, mnahitaji programu kamili ya maktaba kama Koha, iliyozaliwa New Zealand mwaka 2000, au PMB ya Wafaransa? Zote ni huru na nzuri. Lakini zinataka seva inayowaka na mtu anayeielewa. Mpaka orodha yenu ipite vitabu elfu tatu, jedwali linatosha, na mkilichapa vizuri tangu mwanzo, safu zake zitaingizwa kwenye Koha siku ikifika bila kuandika upya.

Vitabu vya kuchapisha wenyewe navyo vipo. African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili na Kifaransa, na leseni yake inaruhusu kuchapa, kugawa na hata kutafsiri mradi umtaje mwandishi. Hadithi ya kurasa kumi na sita inatoka kwenye karatasi nne zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi. Kitabu cha kiada cha dukani ni jambo jingine: kukifotokopi kizima kunakatazwa na sheria ya haki za waandishi ya 5 Aprili 1986, na mwandishi wa Kongo anayeibiwa hivyo ni mwalimu mwenzako.

Barabara ikifungwa

Pangeni mapema. Amri ni moja: sanduku lilipo, libaki hapo. Mtu asihatarishe maisha kulirudisha. Aliye nalo anakuwa mlezi wake mpaka njia ifunguke, anaendelea kuazimisha, na mzunguko unaanza tena pale ulipokatika. Ikibidi watu wahame, kinachobebwa ni kadi ya Pi na karatasi ya orodha, vitu vinavyoingia mfukoni. Karatasi ya majina ichomwe.

Wakihamia kambini, maktaba inaweza kuwafuata. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka masanduku yake ya kwanza ya Ideas Box nchini Burundi, kwenye kambi za wakimbizi kutoka Kongo: vitabu, tableti, kamera na skrini vikiwa ndani ya makasha yanayofunguka kuwa meza. Ni vifaa vya gharama kubwa, na sisemi mvisubiri. Sanduku lenu la bati chini ya hema linafanya nusu ya kazi hiyo. Mtoto aliyekimbia na akaukuta utepe mwekundu aliouzoea atajua mahali pa kutafuta hadithi.

Kuomba msaada

Vyuo vikuu vya Goma, UNIGOM na ULPGL miongoni mwavyo, ndio jirani wa kwanza wa kugongewa mlango. Omba vitu vinavyotajika: saa chache za intaneti usiku, mkutubi wa kuwafundisha kwa siku moja, nafasi ya kushona majalada. Kwa muuguzi wa kituo cha afya, uliza kama chuo kimejiandikisha Research4Life. Kupitia sehemu yake ya afya, Hinari, iliyoanza mwaka 2002, taasisi za nchi kama yetu hupata majarida ya tiba bila malipo. Omba makala unayoihitaji, usiombe nenosiri, kwa kuwa chuo kikigawa nenosiri kinaweza kunyimwa huduma yote.

Kwa wafadhili wa mbali uwe na ujasiri zaidi. Kontena la ensaiklopedia za zamani kwa Kiingereza litawagharimu ushuru, usafiri na nafasi ya rafu, kisha litalala. Barua yenu iwe fupi: sisi ni watano, hivi ndivyo vitabu tulivyo navyo, hivi kumi na tano ndivyo tunavyokosa, kwa lugha hii na kwa darasa hili, na vinapatikana kwa muuza vitabu huyu mjini au kwa wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam. Ambatanisha orodha yote, namba kwa namba. Akijibu kwamba ana vitabu vingine tofauti vya kutoa, mshukuru, mwombe orodha yake kabla havijasafiri, na mweleze mtakavyochukua na mtakavyoacha.